Punje Tisa Mpaka Kilosa

Nilikuwa na reli yangu mwenyewe Makambako miaka mingi kabla treni ya kweli haijafika huko. Siku hizi nikiwaambia wajukuu hivyo wanatazamana na kucheka, wanadhani uzee umeniingia vibaya. Lakini ilikuwepo. Ilianzia chini ya mizani, ikazunguka kuta tatu za stoo ya mizigo na kuishia mlangoni, na mtu aliyeingia bila kutazama anapokanyaga angeweza kuibomoa Kilosa yote kwa kiatu kimoja.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha, na Makambako ilikuwa njia panda yenye upepo na vibanda vichache. Mabasi ya relwe, shirika la reli, yalipita hapo yakitoka Songea na Mbeya kwenda Iringa hadi Dodoma, na huko abiria waliteremka wakapanda treni. Mimi nilikuwa karani wa kituo cha mabasi hayo. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi, kupima mizigo, na kubishana na watu waliotaka kuingia na mbuzi. Niliweza kumkatia mtu tiketi moja ya kumfikisha Kilosa, nusu barabara nusu reli, ingawa yeye na foleni nzima nyuma yake hawajawahi kuiona treni hata kwenye picha.

Mimi nilikuwa nimeiona. Kabla ya hapo nilikaa Kilosa miaka mitatu nikiwa mpagazi wa stesheni, nikabeba mizigo ya watu, nikajifunza kusoma ratiba, nikaipenda treni jinsi vijana wenzangu walivyopenda dansi. Waliponihamishia Makambako kwa sababu najua kuandika na najua lugha ya watu wa huku, nilifurahi kuwa karibu na nyumbani, maana kwetu ni Kichiwa. Lakini wiki ya kwanza tu nilianza kuumwa na ukimya wa mahali pasipo na treni. Saa ya treni ya abiria ikifika, masikio yangu yalikuwa yanaisubiri. Ndipo nikachukua kisu na kipande cha mti wa muwati nikaanza kuchonga.

Ya kwanza ilikuwa injini, yenye kopo la sigara tumboni na kizibo cha chupa kwa taa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa kawaida. Lakini injini bila behewa inasikitisha, na behewa moja la abiria linataka la pili, na nyuma yao lazima awepo gadi, msimamizi wa treni, na behewa lake. Nikafanya mabehewa ya daraja la tatu kwa makopo ya sadini. Nikafanya ya mkonge, ya ng'ombe, ya mafuta. Nikawaomba mafundi cherehani wa Njombe vibiringo vya uzi vilivyokwisha niweke magurudumu, hata wakawa wakiniona kwa mbali wanajificha. Madereva wa mabasi walikuwa wananiletea habari kutoka Dodoma: injini fulani imepakwa rangi upya, treni fulani imeongezwa behewa. Nami nilibadilisha yangu ifanane. Mwenye duka mmoja wa Njombe alinipa gramafoni iliyovunjika mkono, nikachukua spring yake nikaifunga kwenye kigogo chenye kamba. Ukiizungusha na kuiachia, kamba ilijiviringisha, na treni ikaenda yenyewe taratibu kutoka Dodoma mpaka Kilosa. Kurudi nilikuwa naisukuma kwa mkono, jambo ambalo sikupenda wageni walione.

Reli zenyewe nilizichonga kwa milanzi, mianzi ya kwetu ya pombe, na hapo niliingia matatani. Mlanzi mchanga hupasuka vizuri na hukubali msumari mdogo. Nikaenda Kichiwa wakati wa mvua, nikaingia kwenye kichaka cha mjomba, nikaangusha michanga kumi na miwili. Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba mvua ndiyo majira ya kugema, na kwamba ni ule mchanga unaokatwa ncha ili utoe ulanzi asubuhi na jioni. Mimi pia nilijua. Ila siku ile macho yangu yaliona reli tu. Mjomba alikuja Makambako kwa miguu, akasimama mlangoni mwa stoo na fimbo yake.

"Umekata pombe yangu ya msimu mzima," alisema, "ili kopo la sadini lipate pa kupita?"

Nikazungusha spring. Alitazama treni mpaka ikafika Kilosa. Akaniambia niiendeshe tena. Aliondoka bila kunisamehe, lakini ilimchukua muda mrefu kuondoka.

Basi nilicheza hivyo, mtu mzima mwenye mshahara, mpaka siku mizigo ilipoanza kurudi.

Shida ya abiria wetu haikuwa woga. Ilikuwa adabu. Kwetu mtu hampiti mtu. Unasimama, mwanamke anachuchumaa au anapiga magoti, unasema kamwene, unajibiwa kamwene, ndipo habari zinaanza: za nyumbani, za watoto, za mvua, za yule mgonjwa, na kila moja ina jibu lake. Na mambo haya hayafanywi kutoka juu. Sasa mpandishe mtu huyo treni. Stesheni ya kwanza anaona dirishani watu wazima wamesimama chini wanamtazama. Atawaamkiaje akiwa juu yao kama kuku aliyepanda dari? Anashuka, anaamkia. Akifika kwenye habari za mvua gadi anapuliza kipenga, na treni inaondoka na blanketi lake. Mzee mmoja wa upande wa Ludewa aliachwa Kikombo, akapandishwa treni iliyofuata, akaachwa tena Gulwe. Blanketi lake lilitangulia kufika, likakosa mwenyewe, likarudishwa kwangu Makambako.

Nikaamua kuwafundisha. Basi likichelewa, na lilichelewa karibu kila mara, niliwaingiza abiria stoo, nikawaketisha kwenye masanduku, nikashika fimbo nyembamba na kuendesha treni. Niliisimamisha kila stesheni na kutaja jina lake. Nilikuwa na kanuni yangu moja, na niliisema kwa sauti ya ukali ambayo leo nikiikumbuka naona haya: "Hushuki mpaka kituo chako. Hata akikuita nani, hushuki. Hata wakishuka wote, hushuki." Hilo la mwisho niliongeza kwa sababu wengi walikuwa wanafuata wenzao wanaokwenda kununua karanga.

Ilifaa. Mizigo isiyo na wenyewe ikapungua, na madereva wakaanza kuniita mwalimu, nami sikuwakataza.

Halafu ikaja barua ya dada yangu.

Dada yangu, anayenifuata mimi, alikuwa ameolewa Kilosa na rafiki yangu wa siku zile za upagazi, aliyekuwa sasa kwenye genge la kutengeneza reli. Ni mimi niliyewakutanisha. Alikuwa amezaa mara mbili. Mtoto wa kwanza aliishi siku tatu. Wa pili hakulia kabisa. Mara zote mbili hakukuwa na mtu wa kwetu karibu naye, na kwetu mwanamke hajifungui mikononi mwa wageni wakati mama yake bado anaweza kutembea. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mume wake aliandika, lakini maneno yalikuwa ya dada: "Mwambie mama aje. Mwezi huu hautaisha kabla sijajifungua. Sitaki kupata uchungu tena nikiwa namwita mtu ambaye hayupo."

Niliomba ruhusa nimpeleke mama mwenyewe. Nikaambiwa watu wanaokwenda kwenye mashamba ya mkonge ni wengi barabarani, na nani atawakatia tiketi? Baba alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo mama, ambaye mbali kuliko kote alikokuwa amefika ni kanisani Njombe, ilimbidi aende Kilosa peke yake.

Alikuja kutoka Kichiwa kwa miguu na tenga la unga wa ulezi, dawa zake za majani zimefungwa juu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole sana na mkaidi sana, na vyote viwili vilikuwa kwenye sauti ileile. Basi lilikuwa bado siku nne. Mama hakuwa na Kiswahili cha kutosha kuulizia njia. Mimi naye tulizungumza Kibena, na hapa namfasiria tu.

Nilimketisha kwenye sanduku la sabuni kando ya Dodoma, nikazungusha spring. Treni ilipoanza kutembea aliweka mkono mdomoni.

"Hiki kitu umekifanya wewe?"

"Mimi, mama."

"Na ile ya kweli ni kama hii?"

"Kama hii kabisa. Kubwa tu."

Alitazama mpaka Kilosa. Kisha akauliza swali lake la kwanza la safari, na wala halikuhusu moshi wala mwendo. "Hawa watu wa stesheni, nao ni wakubwa?"

"Wengine wakubwa, wengine wadogo."

"Nami nitakaa juu yao nikiwatazama?"

"Utawaamkia dirishani."

"Dirishani." Alilitafakari neno hilo. "Baba, mimi hata mtoto wa jirani simwamkii kutoka juu."

Ilichukua siku nne. Kila treni iliposimama alikuwa anainuka kwenye sanduku, kwa mazoea tu, na mimi nilikuwa nagonga sanduku kwa fimbo: "Kaa, mama." Alikuwa anakaa, anacheka, anasema miguu yake haimsikilizi. Kwa sababu hakujua kusoma majina ya stesheni, nilimpa punje tisa za mahindi. Ihumwa, Kikombo, Igandu, Msagali, Gulwe, Godegode, Kidete, Munisagara, Kilosa. Alizifunga kwenye pindo la kulia la nguo yake, na kila kituo alihamisha punje moja kwenye pindo la kushoto. Punje ya tisa ikihama, anashuka. Nikamfundisha pia sentensi moja ya Kiswahili, kama mtu atamsumbua: "Sishuki, nakwenda Kilosa." Alikuwa anaisema akipika, akifagia, akichota maji. Jirani zangu wakaanza kumsalimu nayo.

Nizitaje siku hizo nne kwa haki yake: zilikuwa siku nzuri kuliko nyingi nilizopata maishani. Tangu nikiwa mdogo sikuwahi kuwa na mama peke yangu hivyo, bila wadogo zangu, bila shamba, bila jembe kati yetu. Tulikaa sakafuni tunaendesha treni. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga bati, tunakula viazi vya kuchemsha, na yeye ananiuliza Gulwe kuna nini, Kidete kuna nini, nami namjibu kila kitu nilichokijua na vingine ambavyo sikuvijua. Siku ya nne alipita vituo vyote tisa bila kuinuka hata mara moja. Nilimpigia makofi.

Basi lilipokuja alipanda, akakaa dirishani, akakunja magoti juu ya kiti kusudi awe amechuchumaa, akatoa kichwa nje na kumwamkia kila mtu aliyekuwa stendi, mmoja mmoja. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Basi likaondoka.

Baada ya wiki mbili shemeji akaandika: mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Miezi miwili baadaye mama alirudi, amekonda kidogo, na khanga mpya kutoka kwa dada. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Treni ilikuwa kama yako kabisa."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunipa furaha kubwa zaidi kwa maneno machache hivyo. Niliyachukua nikayala kwa miaka minne. Kila kundi la abiria lililoingia stoo lilisikia habari za mama yangu. "Mama yangu mzazi," nilikuwa nasema, fimbo ikiwa Msagali, "hajui kusoma, hana Kiswahili, alikwenda Kilosa peke yake na punje za mahindi, na hakupotea. Kwa nini? Kwa sababu hakushuka." Nikaongeza stesheni. Nikaongeza daraja la mkebe. Nikawa mkali zaidi na kanuni yangu.

Mwaka wa nne dada alikuja kututembelea na binti yake. Walifika na basi la asubuhi, na kwa kuwa nilikuwa na abiria stoo nikamwambia akae nao atazame, nikitaka anione kazini. Nikaendesha treni. Nikafika kwenye habari za mama. Nilipomtazama dada nikaona ameinamisha kichwa. Nilidhani amekumbuka nyumbani.

Mchana tulikuwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba yangu. Mtoto alikuwa amelala ndani, amechoshwa na basi. Dada akasema, bila kuniangalia, "Kaka, usimseme mama tena mbele ya watu."

"Kwa nini? Namsifu."

"Najua unamsifu." Akamenya kiazi kimoja mpaka mwisho. "Alinikataza nisikwambie. Alisema kaka yako ataviharibu vile vidude vyake."

Kisha akaniambia.

Mwaka ule mama aliposafiri, mto uliofurika kwa mvua ulikuwa umekula tuta la reli mbele ya Godegode. Treni ilisimama porini. Abiria waliambiwa washuke na mizigo yao, wavuke kwa miguu juu ya mbao, na upande wa pili treni nyingine inawasubiri kuwapeleka Kilosa. Wakashuka. Mama alishika pindo lake la kulia akahesabu. Punje tatu bado zilikuwepo. Akakaa.

Gadi akaja akamwambia ashuke. Neno shuka alilijua vizuri, ndilo nililomfundisha alikatae. Akasema, "Sishuki, nakwenda Kilosa." Gadi akamwambia hata wa Kilosa wanashuka hapa. Akasema, "Sishuki, nakwenda Kilosa." Alitafutwa mtu wa Iringa, ambaye Kihehe chake mama alikielewa bila taabu. Huyo mtu alimweleza yote, mto, tuta, mbao, treni ya pili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Akamwambia kwamba ana mtoto anayefanya kazi relwe, na mtoto huyo alimwambia asishuke hata wakishuka wote. Yule mtu akarudi kwa gadi. Kweli, utasema nini hapo?

Walimsubiri kadiri walivyoweza. Treni ya ng'ambo ikaondoka. Behewa la mama likavutwa kinyumenyume hadi Gulwe akiwa peke yake ndani, amekaa wima, tenga mapajani. Pale Gulwe walimpigia kelele wengine wawili watatu, naye aliwajibu sentensi yake. Jioni ndipo mke wa mpagazi mmoja, mwanamke wa Kigogo, akapanda behewani, akapiga magoti katikati ya viti, akamwamkia kwa lugha yake. Mama hakuelewa neno hata moja. Lakini tangu Dodoma huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwamkia. Mama akaitikia kwa Kibena, yule akaendelea kwa Kigogo, wakapeana habari zote za nyumbani kila mtu kwa lugha yake mpaka zikaisha. Halafu mama akampa mkono wakashuka pamoja. Alilala kwake, akala ugali wa uwele. Asubuhi watu wa genge walimpakia kwenye kiberenge, kigari chao cha relini, hadi pale tuta lilipokatika, akavuka mbao, akafika Kilosa mchana.

"Mimi nilijifungua jioni ileile," dada alisema. "Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Mume wangu alikwenda stesheni mara mbili, wakamwambia abiria wote wameshafika. Nilijua amekufa njiani. Mtoto alipotoka nilikataa kumshika, nilidhani naye atakufa tu. Jirani ndiye aliyemshika usiku mzima."

Nilimwuliza mama alisema nini alipofika.

"Nilimlaumu siku tatu. Siku ya nne akasema, ni mimi niliyesikia vibaya, kaka yako alinieleza vizuri."

Nilikwenda stoo. Nilitaka kuivunja reli ile, ni kweli, mama alinijua. Nilikaa kwenye sanduku la sabuni nikaitazama. Kati ya Godegode na Kidete nilikuwa nimeweka vipande viwili vya mlanzi vilivyonyooka, vya kuridhisha kabisa. Miaka mitatu niliyokaa Kilosa niliona tuta lile likikatika si mara moja. Nilikuwa nimesaidia hata kuvusha mizigo ya watu juu ya mbao. Haikunijia akilini kuyaweka hayo kwenye treni yangu, wala kumwambia mama, kwa sababu yangeharibu mwendo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nilimpenda mama kuliko siku zote.

Kesho yake nilichukua baiskeli nikaenda Kichiwa. Nilimkuta mama shambani anachimba viazi, ameshaanza kuinama hata akiwa amesimama. Nikachuchumaa kwenye mfereji kati ya matuta, chini yake, nikamwamkia. Aliitikia yote, za nyumbani, za dada, za mjukuu, za mvua. Kisha akanitazama usoni akaelewa.

"Amekwambia."

"Ndiyo. Kwa nini hukuniambia wewe, mama?"

"Ningekwambia nini? Umenifundisha siku nne."

"Ungeniambia nimekosea. Nimewafundisha watu wengi vilevile."

Alipangusa udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba, akakitia tengani. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Siku ile niliporudi," alisema, "ulikuja mbio, ukaniuliza: mama, treni ilikuwaje? Nikakujibu. Nikasubiri uniulize jingine. Ukaenda kupima mizigo."

Mikono yangu ilikuwa imeshika majani ya viazi, na nakumbuka niliyang'oa bila kukusudia. Nilitaka kusema haikuwa hivyo, ila ilikuwa hivyo. Barua ya shemeji ilikuwa imeshaniambia mtoto mzima, mama mzima, nami niliona habari hiyo imekwisha.

Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima mwenye sare ya relwe, na yeye aliniacha nilie kidogo. Halafu nikapangusa uso, nikamwuliza alimkutaje dada siku ile alipofika Kilosa, alikuwa amelala wapi, alisema nini, mtoto alikuwa mikononi mwa nani.

Mama akaweka jembe chini. Akakaa kwenye tuta, akanyoosha miguu, akaanza kunieleza tangu alipofika mlangoni kwa dada.